Sauti ya Mama Ndani ya Droo

Duka la kompyuta lilikuwa limefurika, watu wamebanana mpaka kwenye vioo. Seremala mmoja mrefu, shati limejaa vumbi la mbao, alijipenyeza mpaka mbele.

"Nipe flashi ya bei rahisi kuliko zote."

Muuzaji alikuwa binti wa blauzi ya njano, nywele kazisuka mistari, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Unahifadhi nini, kaka? Nyimbo?"

"Sauti ya mama yangu. Kafanyiwa upasuaji wa koo, haongei tena. Nilimrekodi akisimulia hadithi zake kabla, na zote ziko kwenye kompyuta tu."

Binti akairudisha flashi kabatini. "Hii ni ya kubebea, si ya kutunzia. Chukua diski mbili. Moja ikae kwako, nyingine nyumba ya mbali. Umenielewa au nikuimbie?"

"Niimbie."

Aliondoka na diski mbili, na namba ya simu ambayo haikuwemo kwenye risiti.

Mapenzi yakashika moto. Kila jioni simu ililia.

"Mpenzi, diski ya pili umeipeleka wapi?"

"Malkia, hata hujaniuliza kama nimekula!"

"Najua umekula. Diski iko wapi?"

Zote mbili zilikuwa kwenye droo ya meza ya kompyuta. Droo hiyo aliichonga mwenyewe, na mkaidi yule aliiamini kuliko benki. Siku binti alipomtembelea na kuomba diski moja akaitunze kwake, seremala alinuna.

"Droo yangu haiingii hata mchwa. Sauti ya mama haitoki humu kwenda kwa watu."

"Kumbe mimi ni watu?"

Akavaa viatu akaondoka, chai yake ikabaki mezani. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Koo ndilo lililokufa. Masikio yalikuwa mazima.

Kesho yake bomba la jirani wa juu lilipasuka. Seremala alirudi kutoka kazini akakuta maji yanamiminika kutoka darini juu ya meza yake. Kompyuta ilikuwa chapachapa. Akavuta droo. Diski moja ilikuwa imezama majini, ya pili haipo. Akampigia binti simu.

"Umeichukua."

"Nini?"

"Diski ya mama! Jana uliitaka, leo haipo. Irudishe, kila kitu kimelowa!"

"Unaniita mwizi?"

"Nakuomba..."

"Usinipigie tena."

Binti akajifungia stoo, akalia katikati ya maboksi. Alikuwa amezisikiliza hadithi zile, akampenda mama yule kama wake. Sasa zimepotea, na yeye ndiye mwizi.

Kumbe diski ilikuwa kliniki, ndani ya mkoba wa mama. Aliitoa asubuhi ili aipeleke dukani mwenyewe, ila foleni ya daktari ikamchelewesha. Aliporudi alimkuta mwanawe amekaa kwenye maji, analia. Akaitoa.

"Mama! Nimemwita mwizi!"

Mama akamtandika kofi la mgongoni, akamkokota mpaka dukani.

Wateja wakawapisha. Mama akaiweka diski kiganjani mwa binti, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Nisamehe," seremala alisema. "Nilikosea, na nilikuumiza."

Binti hakumtazama. "Kwanza tuone kama ni nzima."

Akaichomeka. Kimya. Spika zikakoroma, kisha sauti nene ya mwanamke ikajaa duka:

"We Kichwangumu! Zima hicho kidude uje ule!"

Duka zima likaangua kicheko. Mama naye alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka.

"Hii inakaa kwangu," binti alisema, akijifuta macho.

"Na mimi?"

"Wewe bado nakupima, Kichwangumu."

Mama akakishika kidole cha pete cha binti, akakiinua, akamtazama mwanawe.

"Mama, hapa? Mbele ya wateja?"

Mama hakukiachia. Wala binti hakuuvuta mkono wake.

"Mjibu mama," alisema. "Anakuuliza."