Mlango Mfupi wa Kudara

Katika zama zile ambazo falme za msalaba zilikuwa bado zimesimama kando ya Mto Naili, kusini ya maporomoko, palikuwa na mji ulioitwa Kudara. Juu ya mwamba ilikaa ngome ya watawala, yenye kuta za mawe na kisima kirefu kilichochongwa ndani ya mwamba wenyewe. Chini yake, upande wa mto, ulikaa mji wa wafinyanzi, wafumaji na wakulima wa mtama, umezungushiwa ukuta wa udongo. Ngazi mia mbili za mawe ziliunganisha ngome na mji wa chini, na walinzi wenye mikuki walisimama kila mwisho wa ngazi hizo.

Mtawala wa Kudara alikuwa Tapara mwana wa Mashuda, mtu wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, hodari wa upinde. Kwenye kidole gumba alivaa pete nene ya jiwe kama wapiga mishale wote wa nchi ile, na siku za ibada na za baraza alivaa kofia yenye pembe mbili aliyorithi kwa babu zake. Watu walimpenda kwa kadiri mtu anavyoweza kumpenda mtu anayemwona kwa mbali.

Mwaka wa saba wa utawala wake, mtu aitwaye Arukwa alitoka jangwa la magharibi akiwa na watu elfu tatu, wapanda ngamia na wapanda farasi. Vijiji ishirini vilikwisha kumsujudia njiani. Arukwa alisema yeye ni mwana wa jua, na kwa hiyo mguu wake haukugusa ardhi. Watumwa wanane walimbeba katika kiti cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe za ndovu. Alikula nyuma ya pazia, na sauti yake haikusikika na mtu ila msemaji wake, Bekeri, aliyesema kila neno kwa niaba yake. Watu waliambiwa kwamba atakayeuona unyayo wa Arukwa atakufa kabla jua halijachwa.

Mtu huyu hakupoteza mishale yake juu ya mwamba. Aliweka jeshi lake kati ya mji wa chini na mto, akangoja kiu imfanyie kazi.

Tapara akiwa ngomeni aliwapelekea watu wa chini vitu viwili: viriba kumi vya maji kila siku, vikiteremshwa kwa kamba, na barua za kuwatia moyo, zilizosomwa kanisani na Kasisi Istefano. Siku ya ishirini ya mazingiwa, mwanamke mmoja alipanda ngazi zote mia mbili, akataka kuonana na mtawala. Jina lake Enoga. Alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mji wa chini walizaliwa mikononi mwake.

"Bwana wangu," alisema, "barua zako tumezisikia. Ni maneno mazuri."

"Basi umekuja kuomba maji zaidi," Tapara akasema.

"Sikuja kuomba maji. Leo asubuhi nimempokea mtoto wa Anesa, binti wa mfinyanzi, na sikuwa na maji ya kumwogesha. Nimempangusa kwa mafuta na kitambaa. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Unajua ulimi wa mtu mwenye kiu unavyokuwa siku ya ishirini?"

Mena, mkuu wa washauri, akakunja uso. "Mama, unasema na mtawala."

"Najua ninasema na nani. Ndiyo maana nimezipanda ngazi hizi. Yeye hajazishuka tangu vita vianze."

Tapara alimtazama mama yule, midomo yake iliyopasuka, vumbi hadi magotini. "Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Ushuke."

Alipoanza kuivua kofia yake ya pembe, Mena alimshika mkono. "Bwana wangu, ukifa wewe, mji umekufa."

"Mji unakufa sasa, Mena, na mimi nipo mzima. Sasa ni mji upi huo utakaokufa nikifa mimi?"

Akaamuru maji ya kisima yagawiwe kwa vichwa, juu na chini sawasawa, kikombe kimoja cha udongo kwa kila mtu asubuhi na kimoja jioni. Kisha akashuka na upinde wake, akaenda kukaa katika nyumba ya wafinyanzi karibu na lango.

Siku tatu za kwanza zilimfundisha mengi. Alijua sasa jinsi mate yanavyokauka hadi mtu anashindwa kumeza unga, na jinsi mtoto anavyolia bila machozi. Alizikumbuka barua zake akaona haya. Watu nao walimchungulia mwanzoni kama mgeni, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kumgombeza alipochelewa zamu yake ukutani.

Kanisa la mji wa chini lilikuwa la matofali ya udongo, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba kila aliyeingia aliinama. Wajenzi walifanya hivyo zamani ili mpanda farasi asiweze kuingia juu ya mnyama wake. Ukuta wa mashariki ulikuwa na picha ya Kuzaliwa. Mama amelala ubavu juu ya mkeka, uso wake umechoka. Chini yake wanawake wawili wanamwogesha mtoto katika beseni, na mmoja ametia vidole majini kupima joto lake. Tapara aliiona picha ile kila sikukuu tangu utoto, na siku zote macho yake yalikwenda kwenye nyota ya dhahabu. Sasa aliyatazama maji.

"Kasisi," alimwambia Istefano, aliyekuwa ameketi sakafuni kwa udhaifu, "ulinifundisha kwamba Neno alifanyika mwili. Mimi nilidhani ni kama mfalme anayevaa nguo za mkulima siku moja, kisha anazivua."

"Wengi hudhani hivyo, na mababa zetu walikataa fundisho hilo kwa nguvu zote. Nguo haisikii kiu, mwanangu. Yeye alisikia. Hakujifanya mtu. Alikuwa mtu kweli, wala hakuacha kuwa Mungu. Alinyonya, alichoka, alilia mbele ya kaburi la rafiki yake. Na alipopaa hakuuvua mwili ule akautupa. Anao hata leo."

"Kwa nini asingetuokoa akiwa huko huko juu? Anaweza yote."

"Wewe uliweza kututeremshia viriba kumi kwa kamba," kasisi akasema. "Kwa nini ukashuka?"

Tapara aliyatazama tena maji yale ya rangi.

Siku ya ishirini na tano Bekeri, msemaji wa Arukwa, alikuja langoni na tawi la amani. Aliingizwa hadi uani mwa kanisa, na watu wote wakakusanyika kumsikiliza.

"Bwana wangu ana huruma," alisema. "Hataki dhahabu yenu. Katika vijiji vyote tulivyovishinda, watu hunong'onezana habari za picha iliyo hapa, ya mungu aliyeogeshwa na wakunga. Maneno hayo yanamchafua bwana wangu. Mungu hana kitovu. Basi mtaipaka chokaa picha hiyo, na mtaapa, wakubwa kwa wadogo, kwamba hakuna mungu aliyewahi kuzaliwa na mwanamke. Mkifanya hivyo, njia ya mto ni yenu."

Bekeri akaambiwa angoje nje ya lango. Uani, Anesa alisimama na mtoto wake kifuani.

"Ipakeni," akasema. "Ni rangi tu. Maziwa yangu yamekauka. Mungu ataelewa."

Hakuna aliyemkemea. Macho ya watu yalimgeukia Enoga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na desturi ya kusema wakati wengine wameshindwa.

"Anesa amesema kweli," Enoga alisema taratibu. "Ukuta hauna kiu, na mtoto ana kiu. Bwana wetu wa pichani angekuwa hapa mwenyewe, angesema mpeni mtoto maji, na rangi ingeondoka. Mimi ningeshika chokaa kwa mkono wangu. Lakini ametaka na kiapo. Anataka tuseme kwamba Mungu yuko mbali, hana ngozi, hana kiu, hajui kuzaliwa wala kufa. Kwa sababu Mungu akiwa mbali, Arukwa naye anaweza kuwa mbali, na sisi tukabaki kuwa wa kubebeshwa. Tukiapa leo, mtoto huyu atakunywa maji, kisha atabeba kile kiti maisha yake yote."

Anesa aliinamisha kichwa juu ya mtoto. Kisha akasema, "Basi tafuteni njia nyingine. Mtafute leo."

Tapara akatoka hadi langoni. Nje walikuwa Bekeri, wapanda farasi mia, na mbali kidogo Arukwa mwenyewe ndani ya pazia lake, juu ya mabega ya watumwa wanane. Tapara alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Sisi hatutaipaka chokaa, wala hatutaapa. Lakini hatutamzuia mwana wa jua. Picha ipo ukutani. Mlango hauna komeo. Mwambieni aje na watu arobaini, apite langoni kwa amani, aingie kanisani aifute kwa mkono wake mwenyewe. Nasi tutatazama."

Bekeri alirudi kwenye kiti, akanong'ona, akanong'onewa. Hakuleta jibu siku ile, wala ya pili. Lakini askari walikuwa wamesikia, na kambini watu waliulizana kwa nini bwana wao asiende, ikiwa hana anachoogopa. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, Arukwa alikuja.

Watumwa walikipitisha kiti langoni, mikuki arobaini ikiwazunguka. Wapiga mishale wa Kudara walikaa juu ya mapaa, mishale ikiwa chini kama walivyoahidi. Mbele ya kanisa kiti kilisimama. Kilikuwa kirefu kuliko mlango mara mbili, na kipana kuupita. Watumwa walijaribu kukiinamisha, pazia likayumba, wakakirudisha upesi.

"Bomoeni ukuta," Bekeri akaamuru.

"Ahadi ilikuwa mlango," Tapara akasema. Alikuwa amesimama kando bila ngao. "Mlango huu hutuinamisha sote. Mimi huinama, kasisi huinama. Huyo aliyezaliwa katika picha ile aliinama kupita sisi wote. Mwana wa jua ashuke, aingie."

Bekeri akatega sikio kwenye pazia, kisha akamwita mmoja wa watumwa wanane, mtu wa makamo aitwaye Kaddo, akampa kitambaa na kopo la chokaa. "Wewe utakuwa mkono wa bwana. Ingia uifute."

Kaddo aliinama akaingia. Wakamngoja. Alipotoka, kitambaa kilikuwa kikavu, na kopo limejaa vilevile.

"Umeifuta?" Bekeri akauliza.

"Yule mwanamke anapima maji kwa vidole," Kaddo alisema. "Mke wangu alifanya hivyo hivyo kwa mtoto wetu, kabla hamjatuchukua. Sikuweza kuifuta." Akaliweka kopo chini. Hakurudi kwenye nafasi yake chini ya mti wa kiti.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, nyembamba, yenye kikohozi. "Muueni."

Askari mmoja akatupa mkuki. Tapara alikuwa karibu zaidi kuliko mtu yeyote, akajitia kati, na mkuki ukamwingia nyongani. Alianguka juu ya Kaddo. Mishale ya mapaani ikashuka, na uwanja ule mdogo ukajaa vumbi na vyuma. Katikati ya vurugu, watumwa saba waliobaki walifanya jambo ambalo hawakulipanga. Walitazamana, wakakiteremsha kiti chini, wakaondoka.

Pazia likafunguka, akatoka mtu mwembamba wa miaka hamsini, mwenye ndevu chache. Hakuwa na viatu, kwa kuwa hakuwahi kuvihitaji, na nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Mchanga ulikuwa unaunguza. Alitembea kuelekea langoni akirukaruka kwa maumivu, akishika ukuta. Mpiga mishale mmoja alivuta upinde.

"Mwacheni atembee," Tapara alisema kutoka chini, mkono wa Enoga ukiwa umekandamiza jeraha lake. "Watu wake wamwone."

Wakamwona. Watu elfu tatu walimwona bwana wao akitoka langoni kwa miguu, na waliouona unyayo wake hawakufa. Jua lilichwa wakiwa hai. Watu wa vile vijiji ishirini walikuwa wa kwanza kuondoka, wakachukua ngamia, na kufikia asubuhi kambi ilikuwa imebaki majivu na vigingi. Watu wa Kudara walishuka mtoni wote pamoja. Anesa aliingia majini na nguo zake.

Watu kumi na wanane wa mji wa chini walikufa katika mazingiwa yale, watano uwanjani na waliosalia kwa kiu. Istefano alikuwa mmoja wao. Tapara alipona, lakini alichechemea hadi mwisho wa maisha yake, na hakurudi kukaa ngomeni. Kule juu wakahifadhi mtama. Kaddo alikwenda kumtafuta mkewe, na haijulikani kama alimpata.

Historia ilihifadhi mambo kwa namna yake. Kanisa lile lilifunikwa na mchanga, na Kudara haikuandika ushindi wake popote. Arukwa ndiye aliyeacha jiwe. Alirudi jangwani, akapata wabebaji wengine na watu wengine wa kumwamini, na alipokufa walimwekea nguzo yenye maandishi kwamba hapa amelala asiyewahi kugusa ardhi.

Mfanyabiashara mmoja wa chumvi aliisoma nguzo ile, akafika Kudara akawasimulia watu. Enoga alikuwa amezeeka, macho yake yamefifia. Alicheka kidogo.

"Mimi niliziona nyayo zake," alisema. "Zilikuwa nyayo kama za mtu yeyote, na mimi nimezishika nyingi zikiwa bado mbichi. Hazikuwa na ubaya wowote. Mungu hakuzionea haya. Sijui yeye alizionea haya ya nini."

Kisha akaomba fimbo yake, kwa maana kulikuwa na mama aliyekuwa akiumwa uchungu upande wa pili wa mji, naye alitaka kufika kwa miguu yake mwenyewe.