Farasi wa Kucheza wa Metwali

Ngoma ilikuwa imetundikwa ukutani na hakuna aliyeigusa, lakini Insaf alisikia kwato zikipiga mdundo wa harusi ndani ya zizi tupu. Aliendelea kumenya vitunguu. Zizi lile lilikuwa la farasi Warda, na Warda alikwisha kufa.

Mumewe, Metwali, alifundisha farasi wa kucheza, na katika mkoa mzima wa Sharqiya harusi bila farasi wake ilionekana kama matanga. Watu walisema ana mkono wa baraka. Mkono wenyewe ulishika fimbo. Farasi alifungwa kati ya nguzo mbili, ngoma ikalia, na kwa kila mdundo fimbo ikatua kwenye miundi yake, siku nenda siku rudi, mpaka ngoma peke yake ikatosha kumfanya anyanyue miguu. Insaf ndiye aliyeshika kamba ya kichwa. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili akatapika, kisha akawa hahisi chochote. Warda alipovunjika mguu pale nguzoni na kufa, majirani waliambiwa ni ugonjwa wa tumbo.

Sasa alikuwepo Nada, farasi mchanga wa Haji Ghuneim, aliyeletwa kwao afundishwe kucheza kwenye harusi ya binti wa Haji. Angefungwa nguzoni Ijumaa.

Alhamisi mchana walikuwa wakila maharage, na chakula kikanuka jasho la farasi.

"Acha kutikisa sinia," alisema Insaf.

"Si mimi," alinong'ona Metwali.

Ilikuwa miguu yake. Ilinyanyuka mmoja mmoja chini ya sinia, taratibu, kwa mdundo uleule uliokuwa ukitoka zizini, naye akaikamata magotini kwa mikono miwili akiikandamiza chini, na kadiri alivyoikandamiza ndivyo ilivyonyanyuka juu zaidi, mpaka bakuli likapinduka na mwanamume aliyeogopwa na kila farasi wa wilaya akaanza kulia kama mtoto.

Jioni hiyo akaitwa Sitti Daulati, mpunga pepo, na ngoma zake. Majirani walijaa uani, Haji Ghuneim akiwa mbele. Kama ilivyo desturi, Daulati alipiga mapigo ya kila pepo anayemjua, akingoja pepo mwenyewe aitike. Hakuitika hata mmoja. Kwa kuchoka akapiga mdundo wa harusi, na papo hapo Metwali akasimama, shingo imekakamaa kana kwamba imefungwa kamba, magoti yakipanda hadi kifuani, povu mdomoni. Wengine walicheka. Daulati akanyamazisha ngoma, lakini Metwali hakuacha.

"Huyu hataki kondoo wala dhahabu," Daulati alimwambia Insaf kwa sauti ya chini. "Anataka kusemewa. Na atakayemsemea ni aliyeona."

"Mke wangu," alihema Metwali, "usinivunjie nyumba."

Insaf alisema kwa sauti kavu, kama anayeagiza chumvi dukani.

"Farasi hachezi. Anakwepa fimbo. Warda hakufa kwa tumbo, mume wangu alimpiga mpaka akavunjika, na mimi nilishika kamba."

Miguu ya Metwali ikatulia. Uani watu wakatazama ardhi. Haji Ghuneim alimfungua Nada, na Insaf akamshukuru Mungu moyoni, akidhani anamrudisha nyumbani.

"Pole, mama," alisema Haji kwa adabu. "Siwezi kumwacha penye jini. Nitampeleka kwa Shinnawi, ng'ambo ya mfereji. Harusi haiwezi kuningoja."

Shinnawi, mfundishaji mwingine wa farasi, alijulikana kwa fimbo nzito kuliko ya Metwali, na kila mtu uani alilijua hilo. Wakaagana, wakaenda zao.

Ijumaa baada ya swala Insaf alikuwa anaosha vyombo Metwali akiwa amelala. Ngoma ikalia ng'ambo ya mfereji. Mguu wa kulia wa Insaf ukanyanyuka, kisha wa kushoto. Alifunua gauni akaona alama nyekundu zikijichora kwenye miundi yake, moja kwa kila mdundo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi iliuma, iliuma sana, akapiga yowe.

Akajitupia mtandio, akatoka. Majirani walimwona akienda darajani akinyanyua miguu kama farasi, akilia, akimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba Nada hachezi. Safari hii hakuna aliyecheka.