Gurudumu la Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Rubani kwa kumkejeli. Kwa miaka saba alikuwa akiunda ndege ndogo bandani kwake, na siku ya mkasa huu ilikuwa imebaki moja tu mkaguzi wa ndege aje. Magurudumu yakikutwa hayaelekei mbele sawasawa, ndege haipati kibali.

Aliinyanyua juu ya magogo, magurudumu yakaning'inia, akafunga mlango ili upepo usiyumbishe uzi wa kupimia. Nje mchana mweupe, ndani giza na taa moja tu. Akalinyoosha gurudumu la kushoto, akakaza bolti, akapima. Limegeuka upana wa kidole. Akalinyoosha tena, nalo likageuka tena.

"Shemeji, liache hilo!" mdogo wa mkewe alimwambia kutoka nje. "Kisichotaka hakilazimishwi."

"Kama hakitaki, kije kiniambie chenyewe!" alijibu Rubani, akakaza mara ya tatu mpaka spana ikalia.

Taa ikazimika. Gizani akasikia gurudumu likizunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi, likivuma kama nyuki ndani ya mtungi. Hakukimbilia mlango.

"Zunguka mpaka uchoke," alisema. "Mimi siondoki."

Mvumo ukafifia, ukakoma. Rubani akapapasa, akaweka kiganja juu ya tairi. Lilikuwa jipya, halijawahi kugusa ardhi hata siku moja. Sasa lilikuwa la moto, na mifereji yake ilikuwa imejaa nyasi mbichi zilizosagika.