Mkalimani wa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, mwalimu wa Kiingereza aliweka redio yake ndogo juu ya meza. Darasa la sita walisikiliza taarifa ya habari kwa Kiingereza, kisha maswali yakaanza. Waziri gani amesafiri? Mafuriko yametokea wapi? Aliyejibu haraka alipata alama. Aliyesema "sijui" alizomewa na darasa zima, na mwalimu mwenyewe alicheka pamoja nao. Basi nani angethubutu kusema hajui? Wote walijifunza kubahatisha kwa sauti kubwa.

Bingwa wao alikuwa msichana waliyempa jina la utani la Redio. Alikariri habari neno kwa neno, na kwa jinsi alivyojiamini, hata alipokosea ungedhani amepata. Ijumaa mwalimu alipofundisha mazungumzo ya kila siku, kama kununua sabuni au kumweleza daktari unaumwa wapi, Redio alipiga miayo. "Hayo ya chekechea," alinong'ona, na wenzake wakaangua kicheko.

Redio aliishi na bibi yake, mshonaji wa sare za shule. Bibi alijisifu kwa kila mteja. "Huyu mjukuu wangu anamwaga Kiingereza kama maji!" Redio alijifanya hasikii, lakini kichwa kilimvimba.

Siku moja bibi alijikata mguu kwa kipande cha bati. Alipuuza, kidonda kikatunga usaha, wakaenda hospitali. Siku hiyo alikuwepo daktari mgeni asiyejua Kiswahili hata salamu. Muuguzi aliyekuwa akimsaidia kutafsiri alikuwa ameitwa wodini.

"Tumsubiri muuguzi?" Redio aliuliza.

"Wa nini, na wewe upo?" bibi alisema kwa fahari. "Haya, zungumza naye."

Daktari aliuliza jambo polepole. Redio alidaka neno moja tu, dawa. Mengine yalimpita. Moyo ulimwenda mbio kama wakati wa maswali darasani, na akajibu kwa Kiingereza, haraka na kwa sauti, "Hapana."

"Anasemaje?" bibi aliuliza.

"Anauliza kama unalala vizuri."

"Mwambie silali, kinaniwanga usiku kucha."

Redio alitabasamu kwa daktari na kurudia, "Hapana." Daktari akaandika, akawapa vidonge.

Jioni ile bibi alimeza kidonge cha kwanza. Muda si muda uso ulimvimba, midomo ikajaa, pumzi ikawa ya shida. Redio alipiga kelele mpaka majirani wakaja, wakamkimbiza bibi hospitali. Aliponea chupuchupu.

Kulipokucha, muuguzi alisimama kando ya kitanda amekasirika. "Hii dawa ni ya jamii ya penisilini. Daktari anasema aliuliza kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, akajibiwa hapana. Nani alijibu?"

Habari ya penisilini Redio aliijua tangu utotoni. Bibi aliwahi kuchomwa sindano yake akazimia, na kila mtu nyumbani aliijua habari hiyo. Jibu alikuwa nalo. Swali ndilo hakulielewa.

"Kosa ni langu," bibi alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Uzee huu, nilisahau kusema."

Redio angeweza kunyamaza. Bibi alikwisha kumkingia kifua. Lakini kuusikia uongo ule ukitoka katika midomo iliyovimba kwa sababu yake kulimuumiza kuliko kuzomewa. Akaanza kulia. "Bibi hakusahau. Hakuulizwa. Mimi sikuelewa swali, nikajibu tu. Lile la kulala nililitunga."

Bibi hakumgombeza. "Ungesema hujui," alisema, "ningesubiri. Nilikuwa na haraka gani mimi?" Kisha akageukia ukutani.

Mwalimu alipopata habari hizo, hakucheka. Aliliambia darasa kuwa yeye ndiye aliyewazoesha kuogopa kusema hawajui, na kuanzia hapo anayesema "sijui" aelezwe, asizomewe. Redio naye alianza upya, na yale aliyoyaita ya chekechea. Ninaumwa hapa. Nimemeza hiki. Samahani, sijaelewa, rudia tafadhali.

Siku ya kukaguliwa kidonda, daktari yule yule aliuliza swali. Redio alilielewa lote. Akafungua mdomo, lakini bibi akamgusa mkono.

"Tumsubiri muuguzi."

"Lakini bibi, safari hii nimeelewa. Kweli."

"Nakuona unavyojifunza, mjukuu wangu, na ninafurahi. Lugha utaijua, mradi usijifanye unajua usichokijua. Ila nami nina somo langu. Najifunza kukuamini tena, na bado sijafika. Usinikimbize."

Redio alifunga mdomo. Wakakaa kwenye benchi, wakimsubiri muuguzi.