Matumbawe ya Sebuleni kwa Kaka

Jioni ile nilikwenda kwa kaka yangu nikiwa na ndoo, glovu na kisu kidogo. Kazi ya nusu saa tu: kupunguza matumbawe laini yaliyokuwa yanalivamia tangi lake la samaki la sebuleni. Mwenyewe alikuwa kitandani mwezi wa tatu sasa, kwa ugonjwa ambao kila daktari aliupa jina lake.

"Umekuja kumwona mgonjwa au kukagua nyumba?" mkewe aliniuliza mlangoni.

"Vyote viwili, wifi. Nipishe."

Sebule ilinuka chumvi na kitu kilichooza. Ndani ya tangi hapakuwa na samaki hata mmoja. Mawe, vioo, hata bomba la pampu, vyote vilifunikwa na vikonyo vyeupe, kila kimoja na vidole vyake vidogo. Vinafumba. Vinafumbua.

"Nani aliyakata humu humu majini?"

"Mimi. Kwa mkasi wa jikoni."

"Pampu ikizunguka?"

"Ikizunguka."

Kosa la mtu asiyeijua kazi. Ukikata hivyo maji yanabeba vipande, na kila kipande kinajishikiza mahali na kuota upya. Unazima pampu, unatoa jiwe zima nje, unabandua mpaka shina. Nilianza kumsomea somo hilo, naye akawa anatabasamu. Alikuwa analijua lote.

Nikazima pampu.

Kimya... Ndipo nikasikia pumzi za kaka kutoka chumbani. Zinaingia. Zinatoka.

Matumbawe yakafumba. Yakafumbua.

Mimi si mtu wa kutishwa na uzushi. Nilitazama saa, nikahesabu dakika nzima. Mara kumi na nne kule, mara kumi na nne huku.

"Alitaka kuniacha," wifi alininong'oneza sikioni. "Nikaambiwa na mganga nimfunge kwenye kitu chenye mizizi."

"Matumbawe hayana mizizi."

"Basi yatoe, msomi."

Nikatumbukiza mikono. Nikainua jiwe la katikati, lile kubwa. Vidole vyote vikajikunyata kwa pamoja, hata vile vilivyobaki kwenye vioo.

Chumbani, pumzi zikakatika.

Nilimtazama wifi. Hakushtuka. Alikuwa amekunja mikono, ananitazama kama mtu anayesubiri chai ichemke.

"Endelea," alisema.

Sikuweza. Nikalirudisha jiwe kwa pupa, maji yakamwagika mpaka kwenye zulia. Moja... mbili... tatu... Vidole vikafumbua. Kaka akavuta hewa kwa mkoromo.

Nikamkimbilia. Midomo yake ilikuwa na ukoko wa chumvi.

"Pole, kaka. Uko hapa. Nimekurudisha."

Akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu tuliyelala naye tumbo moja.

"Nilikuwa nimeshatoka," alinong'ona. "Nani alikutuma?"

Nyuma yangu, wifi alinipitishia taulo kavu begani, kwa upole kabisa.

"Jifute mikono, wifi yangu. Sasa tunamshikilia wawili."