Karanga Ndani ya Skochi

SAA NNE ASUBUHI

Glasi mbili mezani. Chumba cha nyuma ya gereji hakikuwa na dirisha, na feni ilikufa zamani.

"Kushoto burboni. Kulia skochi," Shemeji alisema. "Haya, bwana kaunta. Tuambie tunaiba ipi."

Bwana kaunta alikuwa Ulimi, jina alilopewa baa kwa sababu alikuwa akionja wiski gizani na kukutajia ilikotoka. Shemeji alikuwa mume wa dada yake, mwenye gereji na mwenye mpango. Pembeni alikaa Kufuli, mtu ambaye hakuwahi kukutana na mlango ukamkatalia.

Ulimi alionja ya kushoto. "Mahindi. Pipa jipya lililochomwa ndani, ndiyo maana ni tamu, vanila mbele. Lakini hii ni changa, ya bei rahisi. Mwishoni inaacha karanga mbichi." Akaonja ya kulia. Akafumba macho. "Hii shayiri, imekaushwa kwa moshi. Hii ina umri."

"Na bei?" Kufuli aliuliza.

"Chupa moja ya hii inanunua karibu kreti zima la ile. Burboni inakomaa upesi. Skochi inalala miaka kwenye baridi, tena mara nyingi kwenye pipa lililokwisha kutumika kwa burboni. Burboni kaoa bikira, skochi karithi mjane."

Kufuli alicheka mpaka akakohoa. "Na mjane ndiye mwenye mahari kubwa?"

"Ndiye. Ukitaka pesa yako ikupe raha, nunua burboni. Ukitaka watu wajue unazo, nunua skochi."

"Basi tunamchukua mjane," alisema Shemeji, naye hakucheka.

Mpango ulikuwa mfupi. Ghala la muagizaji wa vinywaji. Leo Jumapili, wafanyakazi hawapo. Mlinzi huenda kula saa saba. Mlango wa ubavuni, kisha kizimba cha nyuma, kisha makreti ya skochi. Shemeji angebaki kwenye gari.

"Na hakuna kufungua chupa," alisema. "Mnunuzi hataki lakiri ya kizibo iguswe."

Ulimi alisita. Shemeji akamwekea mkono begani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una mwaka mzima kwenye kochi langu. Jembe lako ndilo hili."

Maneno yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Tangu afukuzwe baa kwa kujaza wiski rahisi kwenye chupa za ghali, hakuna aliyemwajiri. Dada yake alimpokea bila swali. Wiki hii yote dada alikuwa analalamika kwamba stoo inanuka hospitali tangu mumewe aweke madumu humo. Mtu mwenye pua ile angekwenda kunusa. Hakwenda. Mgeni hachungulii stoo ya mwenyeji.

SAA SABA MCHANA

Mlango wa ubavuni ulifunguka kama uliokuwa ukimsubiri Kufuli. Ndani, joto na harufu ya maboksi. Kizimba nacho kikatii. Wakaanza kubeba.

Kreti la kwanza. La pili. Ulimi alikuwa anatoka jasho, lakini vidole vyake vilikuwa na tabia yao. Mtu wa kaunta hakabidhi chupa bila kuinusa. Alichomoa moja, akaiinamisha kwenye mwanga. Gundi ya lakiri ilikuwa mpya.

"Tumekatazwa," Kufuli alinong'ona.

Aliifungua. Akaonja. Tamu. Vanila. Akangoja, akiomba Mungu isije. Ikaja. Karanga mbichi.

"Hii si skochi," alisema. "Ni ile burboni ya asubuhi."

Chuma kiligonga chuma. Kufuli alikimbilia mlangoni, akapapasa juu, akapapasa chini. Aliporudi uso wake ulikuwa umemshuka.

"Wameweka komeo kwa nje. Huku ndani hakuna hata tundu la ufunguo."

Ulimi alipiga simu. Shemeji alipokea upesi mno.

"Umefungua chupa." Halikuwa swali.

"Shemeji, tutoe."

"Kesho kuna ukaguzi. Mimi na mtunza ghala tulihitaji mtu anayejulikana kwa kujaza chupa. Unamjua mwingine?"

"Nitakutaja."

"Nitaje. Watakuja kupekua nyumba. Na ufunguo wa stoo anao dada yako, sio mimi." Akakata.

Hospitali. Moshi na dawa ya vidonda, ndiyo harufu ya skochi ya moshi. Skochi yote ya ghala hili ilikuwa kwenye madumu, ndani ya stoo ya dada yake. Akisema, dada anafungwa. Akinyamaza, anafungwa yeye kwa wizi wa miezi asiyoijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa akimkaribisha chakula.

Alimpigia dada.

"Dada, fungua stoo. Mwaga madumu yote chooni. Sasa hivi."

"Ya mume wangu? Una wazimu?"

"Ni mali ya wizi. Wakiyakuta, wewe ndiye mwizi. Alipanga hivyo."

Sauti ya dada ikawa ndogo: "Na wewe uko wapi, mdogo wangu?"

"Usiulize. Ukimaliza nitumie neno moja tu. Tayari."

Kabla hajakata alisikia maji yakiporomoka. Kufuli alikuwa amesogeza sikio.

"Ile ndiyo hela?"

"Ndiyo ile."

Ving'ora vilifika kabla ya ujumbe.

Waliangushwa kifudifudi kwenye saruji. Mtunza ghala aliingia akinyoosha kidole, na nyuma yake Shemeji, amejipachika sura ya mpita njia aliyeona wezi.

"Huyo alifukuzwa baa kwa kujaza chupa!" mtunza ghala alisema.

"Mko wangapi?" askari aliuliza. Ulimi alibana meno. Buti likamgonga ubavuni. "Mko wangapi?"

Macho yake yalikuwa kwenye simu. Likamgonga tena. Simu yake ikatetemeka sakafuni, askari akaiokota.

"'Tayari.' Tayari nini?"

"Tayari kusema, afande. Tuko wanne. Wawili wamesimama nyuma yako. Kwenye gereji ya huyo mwenye shati jeupe kuna glasi ya burboni mezani. Ionje, kisha onja hizi. Na simu yangu itakuonyesha nani nimeongea naye tukiwa tumefungiwa humu."

"Pekueni kwangu!" Shemeji alibwata. "Mtaona mwenye stoo ni nani!"

"Nani kazungumzia stoo?" askari aliuliza.

SAA NANE MCHANA

Karandinga la polisi halikuwa na dirisha. Walibanana wanne, pingu kwa pingu. Shemeji aliinama sikioni kwa Ulimi.

"Na mzigo?"

"Dada amefanya usafi wa choo."

Shemeji alilia kwa sauti, kama aliyefiwa. Ulimi alimfikiria dada yake, peke yake katika nyumba inayonuka wodi nzima, na yeye pia machozi yakamtoka. Kufuli alikuwa anatazama mlango wa gari.

"Tundu liko nje," alisema.