Ukurasa wa Mwisho wa Ripoti

Msanifu majengo alikuwa ameshika tiketi namba mia mbili na kumi na moja, na dirishani walikuwa bado wanahudumia watu wa tisini na kitu. Ukumbi wa leseni ulijaa hadi mlangoni. Watu walipiga miayo, walijipepea kwa fomu, wengine walilala wima kama punda. Ndipo akamwona dada mmoja, blauzi ya rangi ya maziwa, sketi ndefu ya zambarau, kilemba kimekaa kichwani kama amezaliwa nacho. Alipita katikati ya foleni ameshika kisanduku kidogo, anakisogeza huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

“Dada, ukipata taarifa ya habari tupe na sisi,” msanifu alimwambia.

Yule dada hakucheka. Alikitazama kisanduku chake kwanza.

“Taarifa ninayo, sijui kama utaipenda. Hewa unayovuta sasa hivi imeshapita kwenye vifua vya watu wengine.”

“Wangapi?”

“Ungewapanga foleni, tiketi yako ingerudi nyuma hadi namba mia tano.” Akamgeuzia kioo cha kile kisanduku. “Hiki kinapima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Nje mtaani namba hii ingekuwa mia nne na kitu. Humu imefika elfu mbili na mia tatu. Hii miayo yote mnadhani ni uchovu wa foleni. Si foleni. Ni ukumbi.”

Msanifu aliinua macho. Juu ya vichwa vya watu aliona dari, taa, feni mbili zilizosimama. Miaka tisa alikuwa anachora majengo, na kila siku alichora kuta. Leo, kwa mara ya kwanza, aliiona ile nafasi iliyo katikati ya kuta, nzito, imejaa, inapita kutoka kifua hadi kifua. Nywele za mikononi zilimsimama.

“Wewe ni daktari?”

“Wa majengo. Nayapima yanavyokula umeme, yanavyokunywa maji, yanavyopumua. Na wewe?”

“Mimi nachora wagonjwa wako.”

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kilichowageuza watu wa foleni mbili. Msanifu alipofika dirishani hakukumbuka alichofuata.

*

Wakaanza kupigiana simu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya swali la madirisha. Mara ya pili hapakuwa na swali.

“Daktari, umeshakula?”

“Nimekula. Wewe umekula au umechora chakula?”

“Nimechora wali, mezani pamekuja mkate.”

“Pole mpenzi wangu,” alisema, na neno mpenzi likatoka lenyewe bila kubisha hodi.

Jumamosi moja saa saba za mchana, jua likiwa kali hata lami imelainika, yule dada mpimaji alimpeleka kwenye jengo la maktaba ambalo zamani lilikuwa ghala la nafaka. Waliingia, na ubaridi ukawapokea mlangoni. Msanifu alitafuta viyoyozi kwa macho. Hakuona hata feni.

“Weka kiganja hapa,” mpimaji alimwambia.

Ukuta ulikuwa mnene kama urefu wa mkono, na baridi kama mtungi.

“Mchana unalimeza joto taratibu, usiku unalitema. Niliacha vipimo humu wiki nzima. Nje joto lilifika thelathini na tano. Humu halikuvuka ishirini na saba. Jengo lina miaka themanini na halijawahi kuomba umeme wa kujipoza.”

“Aliyelijenga ni nani?”

“Nimetafuta kwenye nyaraka zote. Hakuna anayemjua.”

Walisimama hivyo, viganja viwili ukutani, wasomaji wakipindua kurasa nyuma yao. Msanifu alijisikia mdogo, na ule udogo ukampendeza. Kidole chake kikagusa kidole cha mpimaji. Hakuna aliyekiondoa.

“Mimi nina shule moja nimejenga,” alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. “Ya ghorofa nne. Katikati nimeweka mnara wa hewa, wazi juu, ili joto lipande lenyewe na kuvuta hewa safi madarasani. Michoro ilipewa cheti cha nyota tano. Siku nikikuonyesha, usinicheke.”

“Sitakucheka. Nitavua viatu mlangoni.”

*

Jumatatu, mkuu wa ofisi alimwekea mpimaji faili mezani. Ilikuwa shule ya ghorofa nne yenye mnara wa hewa. Mwaka mmoja tangu wanafunzi waingie ulikuwa umetimia, na sasa zile nyota za kwenye karatasi zilitakiwa kuthibitishwa kwa vipimo. Ni jengo ambalo mpimaji yeyote angelipigania. Aliliangalia faili kwa dakika nzima, kisha akalirudisha.

“Siwezi, mama,” alimwambia mkuu wake, mwanamke mtu mzima asiyependa maneno mengi. “Msanifu wake namfahamu.”

“Unamfahamu kiasi gani?”

Mpimaji aliinamisha macho. Mkuu akaelewa.

“Basi andika barua ya kujiondoa, ukweli mtupu. Muage leo, kisha mpaka ripoti itoke usiwasiliane naye, hata salamu. Wala asijue sababu. Wakisema mlipanga, cheti cha jengo lake kitakuwa karatasi ya kufungia karanga.”

Jioni alimpigia msanifu mara moja tu.

“Mchoraji wangu, nitakuwa kimya kwa wiki sita. Usinitafute. Nitakueleza mwenyewe.”

“Kuna mtu mwingine?”

“Hakuna mtu.”

“Basi kuna nini?”

“Nimeomba wiki sita tu, baba.”

Simu ikakatika. Msanifu akabaki ameishika. Wiki ya kwanza alimwamini. Wiki ya tatu akaanza kuhesabu makosa yake. Wiki ya sita ripoti ikamfikia, ina nembo ya ofisi ya mpimaji. Akafungua ukurasa wa kwanza na kukuta nyota tatu. Hewa ya madarasani nzito kupita kiwango. Umeme mara mbili ya ulioahidiwa, kwa sababu kila darasa lilikuwa limenunua feni zake. Hakusoma zaidi. Alipiga simu, ikapokelewa mlio wa kwanza.

“Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa nayo,” alisema. “Pale maktaba nilikueleza moyo wangu, wewe ukaenda na vyombo vyako. Ulikuwa unanipenda au ulikuwa unanipima?”

“Ripoti umeisoma yote?”

“Nimesoma panapouma.”

“Basi malizia. Ukimaliza, namba yangu unayo.”

*

Dada mkubwa wa msanifu, mwalimu wa hesabu katika shule ile ile, alimkuta amekaa sebuleni, shati la jana, ripoti sakafuni. Aliiokota, akavaa miwani, akasoma yote kama anayesahihisha mtihani.

“Kaka yangu, nikuambie ambalo sikutaka kukuambia? Ikifika saa nne watoto wanasinzia. Darasa zima. Nilidhani hesabu zangu zinawachosha.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa unalisifia jengo lako kama bibi harusi. Nani angekuvurugia?” Akafunua ukurasa wa mwisho, akasoma, akavua miwani. “Lakini hapa kuna jambo la kwako. Soma mwenyewe.”

Chini ya saini ya mpimaji aliyeifanya kazi, mzee mmoja ambaye msanifu hakumjua, palikuwa na mistari mitatu kwa herufi ndogo. Ilisema kwamba mpimaji aliyepangiwa kazi hii awali alijiondoa kwa barua siku hiyo hiyo aliyopewa. Sababu aliyoitaja ni kwamba anampenda msanifu wa jengo, na hawezi kuapa kuwa macho yake yangeona kasoro.

Msanifu alisoma mara tatu. Mwanamke yule hakuwahi kumtamkia kwamba anampenda. Alikuwa ameliandika neno hilo kwenye karatasi ya ofisi, mbele ya mkuu wake, likapigwa mhuri.

“Wifi yangu ana akili,” dada mtu alisema. “Wewe ndiye sijui.”

*

Hakumpigia simu siku hiyo. Aliona aibu. Kesho yake asubuhi alikwenda shuleni akakaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu. Saa nne vichwa vilianza kuinama kimoja kimoja, na yeye mwenyewe akapiga mwayo. Akatoka, akapanda ngazi hadi juu kabisa ya mnara. Kule alikuta mdomo wa mnara umezibwa kwa mbao, zimepigiliwa misumari barabara. Mkandarasi alikuwa ameziba ili njiwa wasiingie. Msanifu akakumbuka: siku ile alipigiwa simu akiwa safarini, akajibu, “Fanyeni mnavyoona.” Maneno mawili, na watoto mia tatu wakakosa hewa mwaka mzima.

Ilichukua siku nne kung’oa mbao na kufunga wavu wa kuzuia ndege. Ndipo akapiga simu.

“Nimemaliza kusoma,” alisema. “Nimekosa kwako, nimekosa na kwa wale watoto. Sikuombi nyota. Njoo uone tu.”

“Nina dakika thelathini saa nne kesho,” mpimaji alijibu. Sauti yake ilikuwa kavu, lakini kesho yake asubuhi alikifunga kilemba na kukirudia mara tano mbele ya kioo.

Darasa lilikuwa kwenye hesabu walipoingia na kusimama nyuma. Mwalimu, yule dada mkubwa, aliwaona, akafuta ubao kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Vumbi la chaki likaruka, likaingia kwenye mwali wa jua uliotoka dirishani. Kwa kitambo lilining’inia. Kisha likaanza kusogea. Hapakuwa na feni iliyowashwa, wala upepo wa kupeperusha karatasi, lakini lile vumbi jeupe lilijipanga kama utepe, likapita juu ya vichwa vya watoto, likavuka tundu la ukutani na kuingia mnarani. Huko likapanda, ghorofa hadi ghorofa, likimeta, hadi lilipopotelea kwenye kipande cha anga.

Watoto waliacha kalamu. Msichana mmoja wa mbele alisimama taratibu, akanyoosha mkono kwenye ule mkondo, akaugeuza kiganja kama anayekinga maji.

“Jengo linavuta pumzi,” alinong’ona.

Msanifu alimtazama mpimaji. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hayafuti. Viatu vyake viwili vilikuwa mlangoni; hakumwona alipovivua.

Wakatoka nje hadi kwenye ngazi. Chini, gari la maji lilikuwa linapiga honi getini na mlinzi analifokea.

“Nataka kukuoa,” msanifu alisema. “Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yamepotea.”

Mpimaji aliushika ukingo wa ngazi, akatazama juu mnarani.

“Unajua sheria za kazi yetu? Nikiwa mkeo, jengo hili sitaruhusiwa kulipima. Wala lolote utakalochora maisha yako yote.”

“Ni hasara kubwa?”

“Kubwa kuliko unavyofikiri. Leo nimejua.”

Kengele ya mapumziko ikalia na watoto wakamwagika kwenye ngazi, wakawasukuma mpaka ukutani, na katika ile kelele msanifu hakusikia jibu. Ilimbidi aliulize swali tena, kwa sauti ya juu, watoto wote wakisikia. Naye mpimaji akalirudia jibu lake kwa sauti hiyo hiyo: amekubali.